Kutoka Ufuoni Hadi Lenana: Jinsi ya Kupanda Mlima Bila Kuugua Mwinuko

Ukikaa Lamu au Malindi unalala mita chache tu juu ya bahari. Lenana, kilele cha Mlima Kenya anachoweza kukifikia mtu wa kawaida kwa miguu yake bila kamba za kukwea, kiko mita 4,985. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 5,895. Siku hizi safari za huko zinatangazwa hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya huku kwetu, na watu wanachanga pesa, wanakodi gari, wanakwenda. Tangazo hutaja bei, hutaja jaketi na buti za kukodi. Ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata anayepanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea, hautajwi, au hutajwa kwa mstari mmoja: kunyweni maji mengi.

Maji peke yake hayauzuii. Kinachouzuia ni mwendo, yaani idadi ya usiku utakaolala njiani kabla ya kufika juu, na ulimi wako, yaani kusema mapema kwamba kichwa kinakuuma. Mengine yote, dawa zikiwemo, yanakuja nyuma ya hayo mawili.

Hewa ile ile, pumzi pungufu

Watu husema juu hakuna oksijeni. Ipo. Katika hewa ya Shela, kule Lamu, na katika hewa ya Lenana oksijeni ni ile ile asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inabeba kidogo. Kwenye mita 4,200, ziliko kambi za Shipton na Mackinder za Mlima Kenya, pumzi moja inakupa takriban asilimia 60 ya oksijeni unayoipata ufuoni. Juu ya Kilimanjaro ni karibu nusu.

Mwili unajua kujirekebisha. Unahema zaidi, moyo unaongeza mapigo, na figo zinamwaga maji na chumvichumvi ili damu ikubaliane na huko kuhema kwingi. Ndiyo maana mlimani utakojoa sana, na usishtuke, ni dalili njema. Lakini kazi hiyo inataka siku, haimalizwi kwa saa chache. Ukipanda haraka kuliko mwili unavyojirekebisha, unaugua. Kwa kawaida ugonjwa huanza kuanzia mita 2,500 kwenda juu, na dalili hujitokeza baada ya saa 6 hadi 12 tangu kufika mwinuko mpya, kwa hiyo mara nyingi ni usiku, wakati kila mtu ameshajifunika na hataki kusumbuliwa.

Nguvu za mwili hazikukingi. Kijana anayezamia kambamawe kwa pumzi moja, mchezaji wa mpira, hamali wa bandarini, wote wanaweza kuanguka huku bibi wa miaka sitini akifika salama kwa sababu alitembea aste aste. Kusema kweli vijana wenye nguvu ndio ninaowahofia zaidi, maana miguu yao inawafikisha mahali ambapo damu yao haijawa tayari kukaa.

Na kuna tabia ya kwetu inayowaponza watu. Tumezoea bahari. Abiria akichafukwa na roho mashuani, nahodha humwambia atazame mbali, avumilie, atazoea. Chombo hakigeuzwi kwa sababu ya mtu mmoja kutapika. Ushauri huo ni mzuri baharini. Mlimani unaua. Kule anayetapika ndiye anayesimamisha safari, na ikibidi ndiye anayeigeuza.

Hatua ya 1: Jikague kabla hujatoa arbuni

Anza na selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani yetu ni nchi ya malaria, na mahali palipokaa malaria kwa karne nyingi ndipo jeni ya selimundu ilipoenea, kwa sababu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Watu wengi wanayo na hawajui, kwani ufuoni haiwasumbui. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyeirithi kwa baba na kwa mama, asipande: oksijeni ikipungua chembe zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa. Aliyeirithi upande mmoja anaweza kupanda na wengi hupanda bila shida, ila wachache hupatwa na maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu, bandama ikikosa damu. Maumivu ya namna hiyo mlimani maana yake ni kushuka, papo hapo. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye selimundu, nenda hospitali upimwe damu kabla ya kulipa chochote.

Wenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na wajawazito, wamwone daktari kwanza, na wengi wao wataambiwa mlima usubiri. Pumu iliyotulia si kizuizi, mradi dawa ya kuvuta ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, isipigwe na baridi.

Halafu malaria, na hapa watu wa pwani tuna mtego wetu peke yetu. Tangu kuumwa na mbu hadi kushikwa na homa hupita wiki moja hadi mbili, pengine zaidi. Kwa hiyo unaweza kuondoka Malindi mzima kabisa, ukaanza kuumwa kichwa na kutapika usiku wa pili mlimani, na wenzako wote wakakubaliana kwamba ni mwinuko. Tofauti iliyo wazi ni homa: ugonjwa wa mwinuko wa kawaida haupandishi joto la mwili. Bebeni kipimajoto, na mkiwa kundi bebeni vile vipimo vya haraka vya malaria. Mwenye homa mlimani, awe na malaria au awe na nini, anashuka akatibiwe. Na kama mwili ulikuwa mzito siku chache kabla ya safari, pimwa nyumbani kabla hujapanda gari.

Wanaozamia kwa mtungi, kama wanaofanya kazi na wageni kwenye hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, wakae saa 24 kamili tangu mbizi ya mwisho kabla ya kupanda ndege au kuelekea nyanda za juu. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini chini ya maji hutoka kama mapovu shinikizo likipungua, na maradhi hayo ni mengine kabisa, hayatibiwi kwa vidonge.

Hatua ya 2: Nunua siku

Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii. Ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi mahali ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale usiku wa pili palepale. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ya hapo, ilimradi usiku urudi chini. Kinachohesabiwa ni kitanda.

Sasa ipime kanuni hiyo na safari zinazouzwa.

Njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki, ina usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300, na wa pili Shipton, mita 4,200. Alfajiri inayofuata mnakwenda Lenana. Kitanda kimeruka mita 900 kwa siku moja. Njia ya Naro Moru ni kali zaidi: kutoka Met Station, mita 3,050, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200, tena kwa kupita kinamasi kilichosimama kama ukuta. Ni kuruka mita 1,150. Naro Moru hupendwa kwa sababu ni fupi, na ufupi wake ndio ubaya wake.

Kilimanjaro hesabu ni ile ile. Njia ya Marangu ina mabanda ya kulala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, mita 4,720. Kila usiku mita elfu moja. Anayekuuzia Marangu ya siku tano amekuuzia na maumivu ya kichwa ndani yake. Ipo ya siku sita, ambayo unalala Horombo mara mbili na siku ya katikati unatembea hadi kwenye mita 4,000 hivi kisha unarudi. Njia ya Machame inafuata vizuri zaidi kanuni ya kupanda juu na kulala chini: mchana unafika Lava Tower, mita 4,600, halafu unashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Ichukue kwa siku saba. Lemosho ya siku nane ndiyo inayompa mtu wa pwani nafasi nzuri kuliko zote, ila na mfuko nao lazima uwe mzuri.

Kwa Mlima Kenya, mimi ningechagua Sirimon na kulala Old Moses mara mbili. Siku ya katikati mnapanda hadi kama mita 3,800, mnakula chakula cha mchana huko, mnarudi. Kisha Shipton, na kama pesa inaruhusu, usiku wa pili Shipton pia kabla ya kilele. Safari inakuwa ya siku tano au sita. Anayependa mandhari atazame Chogoria, upande wa mashariki: ni ndefu, na unaweza kulala karibu na Ziwa Ellis, kwenye mita 3,500 hivi, kabla ya kusogea juu.

Utaambiwa siku ya ziada ni ghali, na ni kweli: kiingilio cha hifadhi, mpishi, wapagazi, chakula, vyote vinaongezeka. Hata hivyo kama pesa iliyopo inatosha siku tatu tu, ningemshauri mtu aiweke aende mwaka ujao, au aende mlima ulio chini. Kuna Longonot kule Naivasha, mita 2,776, unapanda na kushuka siku moja na hulali juu.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye safari: waongozaji ni wangapi? Mtungi wa oksijeni upo? Nani atashuka na mgonjwa wengine wakiendelea? Swali la mwisho ndilo linalochuja. Kundi lenye mwongozaji mmoja likipata mgonjwa lina njia mbili, na zote mbaya: kumshusha yeye na kuwaacha wengine wote bila mtu, au kumwacha yeye.

Hatua ya 3: Dawa

Dawa ya kukinga inayojulikana ni Diamox, jina lake la kitabibu asetazolamaidi. Ukiiulizia kwenye duka la dawa unaweza kuulizwa kama una presha ya macho, kwa kuwa ndiyo kazi yake nyingine. Inazisukuma figo zifanye mapema ile kazi niliyoitaja juu, hivyo unahema vizuri zaidi, hasa usingizini. Kipimo cha kukinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kuanza kupanda, hadi uanze kushuka. Kidonge mara nyingi huwa cha 250, basi kigawe nusu.

Vidole na midomo vitakuchonyota, soda itakuwa na ladha ya ajabu, na mkojo utaongezeka. Hayo si madhara ya kutisha. La kutisha ni mzio: ni dawa ya jamii ya salfa, kwa hiyo kama uliwahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa Septrin au Fansidar, mwambie daktari kabla hujaigusa. Mjamzito na mwenye maradhi ya figo au ini wasiinywe bila daktari. Na usiijaribu kwa mara ya kwanza mlimani. Inywe siku moja au mbili ukiwa nyumbani, uone mwili wako unasemaje.

Je, kila mtu ainywe? Anayekwenda polepole kwa kanuni ya mita 500 anaweza kuiacha. Anayefuata ratiba za kuruka mita 900 na zaidi, na aliyewahi kuugua mwinuko, azungumze na daktari kuhusu kuinywa. Haifichi ugonjwa, ukiugua ukiwa unainywa, umeugua kweli.

Bebeni pia Panadol au ibuprofeni ya kichwa, na dawa ya kuzuia kutapika. Dawa za usingizi ziacheni nyumbani, na pombe kwa anayekunywa, kwani zote mbili hupunguza kuhema usiku, wakati mwili unakuhitaji uheme. Tangawizi inatuliza roho iliyochafuka, chukua. Habasoda na kitunguu saumu ukipenda kula ule, lakini usiviweke mahali pa siku ya mapumziko.

Hatua ya 4: Njiani

Kutoka Lamu ni mashua hadi Mokowe halafu basi, au ndege kutoka Manda hadi Nairobi. Kutoka Malindi ni basi, ndege, au kwenda Mombasa kupanda treni ya SGR. Njia yoyote ile, usishuke kwenye basi la usiku ukaingia lango la hifadhi asubuhi ile ile. Nairobi iko kama mita 1,700 na Nanyuki kama mita 1,950. Si mwinuko wa kukuzoesha sana, lakini ukilala Nanyuki usiku mmoja au miwili unaanza ukiwa umelala, umekula na umezoea baridi, na uchovu wa safari hautachanganywa na ugonjwa.

Hatua ya 5: Mchana, mkiwa mlimani

Wapagazi watakwambia pole pole mpaka uchoke kusikia. Kipimo rahisi ni mazungumzo: ukiweza kumaliza sentensi ndefu bila kutweta, mwendo ni sawa. Ukianza kukata maneno, punguza, hata kama unapitwa na kundi zima.

Kuleni hasa vyakula vya wanga: wali, chapati, viazi, uji. Hamu ya kula itapungua, kwa hiyo beba vya kutafuna kidogo kidogo mfukoni. Watu wa kwetu hapa tuna bahati, tende na halua vinafaa mno: vitamu, vizito, haviozi. Gesi tumboni itaongezeka, ni kawaida ya mwinuko, na hemani mtasameheana.

Maji kama lita tatu kwa siku yanatosha watu wengi. Tazama mkojo, ukiwa na rangi ya majani makavu kunywa zaidi, ukiwa mweupe umetosheka. Kujilazimisha lita sita hakuongezi kinga, na huzimua chumvi ya mwili hadi mtu akaumwa kichwa kwa maji yenyewe.

Aliyezoea kahawa chungu ya barazani asiikatize siku ya safari. Mwili ulionyimwa kahawa ghafla huleta maumivu ya kichwa yanayofanana kabisa na ya mwinuko, na hapo mnaanza kuvurugana. Endelea na vikombe vyako. Miraa ni jambo jingine: inakata njaa, inafukuza usingizi, inakudanganya kwamba hujachoka. Ndiyo, utapita karibu na kwao Meru. Iache.

Safari ikiangukia Ramadhani, ihamishwe kama inawezekana. Isipowezekana, msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na sioni mahali bora pa kuitumia ruhusa hiyo kuliko mita 4,000. Kwenye sala, inukeni taratibu kutoka sijida, kisunzi huja upesi kule.

Baridi usiku hushuka chini ya sifuri, na mtu wa pwani anaihisi mara mbili. Hata hivyo msiingize jiko la makaa hemani wala chumbani, hata kwa dakika chache za kuota moto. Moshi wake usioonekana unaua watu wamelala, na dalili yake ya kwanza ni maumivu ya kichwa, ambayo kila mtu atadhani ni mwinuko.

Hatua ya 6: Kila jioni, semeni ukweli

"Uko sawa?" ni swali bovu. Jibu lake kwetu ni moja tu, "Niko sawa," hata mtu akiwa anakufa. Mzee hataki kuonekana dhaifu mbele ya vijana, kijana hataki kuonekana dhaifu mbele ya wasichana, na dada aliyechangiwa nauli hataki kuwaharibia wenzake safari. Kwa hiyo ulizeni maswali yasiyojibika kwa ndiyo: Kaka, kichwa kinauma wapi? Ami, umekula nini tangu mchana? Dada, jana ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi?

Kanuni ya kundi iwekwe kabla ya kupanda, ikiwezekana mkiwa bado Nanyuki: mtu akiumwa kichwa akiwa juu ya mita 2,500, na pamoja nacho ana moja kati ya roho kuchafuka, kukosa hamu ya kula, kisunzi au uchovu usio wa kawaida, ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine. Hakuna kubishana. Kwa mtoto asiyejieleza, dalili ni kulialia, kukataa chakula na kukataa kucheza.

Yapo mambo yanayotisha na hayana neno. Aliyelala pembeni yako anaweza kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi nyingi za haraka. Ni kawaida usingizini mlimani. Uso na mikono kuvimba kidogo asubuhi ni kawaida pia, ukiwa peke yake.

Mkiwa na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kitumieni kwa akili. Kwenye mita 4,200 namba za themanini na kitu ni za kawaida kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo msikimbie kwa kuona 84, wala msimpuuze mgonjwa kwa kuona 90. Kwa ngozi nyeusi kipimo huweza kusoma juu kidogo kuliko hali ilivyo. Na akina dada waliotoka harusini: piko kwenye kucha huvuruga usomaji, bana kidole kisichopakwa. Anayeamua ni dalili. Namba inasaidia tu.

Hatua ya 7: Mtu akiugua

Ugonjwa wa kawaida, yaani kichwa na roho kuchafuka lakini mtu anatembea vizuri na akili zake ziko sawa: hapandi tena. Anabaki palepale, anapumzika bila kulala kutwa nzima, anakunywa, anakula anachoweza, anameza Panadol au ibuprofeni. Diamox inaweza kutumika kama tiba, miligramu 250 mara mbili kwa siku. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili, na kichwa kikishapona bila msaada wa kidonge wanaweza kuendelea. Akiwa vilevile baada ya saa 24, au akizidi hata kabla ya hapo, anashuka.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji asubuhi.

Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mtu anapepesuka kama mlevi, anachanganya maneno, anakuwa mkali au mkimya kupita kiasi, anaweweseka, anasinzia asiamshike. Mpimeni hivi: atembee mita tatu kwa mstari ulionyooka, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mzima atembee kwanza ili mwone tofauti. Akiyumba na kutoka nje ya mstari, msimsubiri ajaribu tena kesho.

Ya pili ni mapafu kujaa maji. Hujitokeza zaidi usiku wa pili wa mwinuko mpya au baada ya hapo, na hata kwa mtu asiyeumwa kichwa. Anabaki nyuma ya kundi bila sababu, kisha anatweta hata akiwa amekaa, kifua kinabana, kikohozi kinakuwa cha majimaji, mwishoni makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Midomo na kucha zinageuka rangi. Kikohozi kikavu cha vumbi na baridi wanacho wengi mlimani. Cha kuogopa ni kile kinachokuja na kutweta wakati wa mapumziko. Hii ndiyo inayoua zaidi, na huweza kuua kwa saa chache.

Tiba ya zote mbili ni moja, kushuka sasa hivi, usiku au mchana, mvua au jua. Shukeni angalau mita 300, na endeleeni hadi mita 1,000 au mpaka apate nafuu iliyo wazi. Asishuke peke yake hata kidogo. Mwenye mapafu asibebe hata chupa ya maji, na ikiwezekana abebwe, kwa sababu kujikaza kunazidisha maji kifuani. Mwekeni kichwa na kifua vikiwa juu, na mfunikeni vizuri. Kilimanjaro kuna machela za gurudumu moja kwa kazi hii. Oksijeni ikiwepo apewe huku akishushwa.

Mwongozaji aliyefunzwa anaweza kuwa na dawa mbili za dharura. Deksamethasoni ni ya ubongo: kwa mtu mzima miligramu 8 mara moja, kisha 4 kila baada ya saa 6. Nifedipini ya kuyeyuka polepole ni ya mapafu: miligramu 30 kila baada ya saa 12. Zinanunua muda wa kushukia. Kosa ninalolisikia likisimuliwa mara nyingi ni mgonjwa kuchomwa deksamethasoni, akachangamka, akaambiwa twende kileleni. Dawa ile inafunika dalili, na ikiisha nguvu mtu anajikuta juu zaidi na hali mbaya zaidi.

Upande wa Mlima Kenya wajulisheni mapema askari wa KWS, shirika linalosimamia hifadhi, na hospitali kubwa iliyo karibu kwa njia ya Sirimon iko Nanyuki. Upande wa Kilimanjaro wagonjwa wengi hupelekwa Moshi, ilipo hospitali ya rufaa ya KCMC. Helikopta ipo kwa mwenye bima ya uokoaji na kukiwa na hali nzuri ya hewa, kwa hiyo anzeni kushuka huku mkiipigia simu. Msikae mkitazama mawingu.

Hatua ya 8: Mkisharudi

Maumivu ya kichwa ya mwinuko huisha ukishuka. Yasipoisha, au homa ikianza ukiwa tayari Nairobi au nyumbani, usiseme ni mabaki ya mlima. Kapime malaria siku hiyo hiyo. Aliyejaa maji mapafuni au aliyevimba ubongo aende hospitali hata kama anajisikia mzima, apigwe picha ya kifua au achunguzwe inavyofaa. Na akitaka kupanda tena siku nyingine, amweleze daktari alifika mita ngapi, alilala wapi na alishikwa usiku wa ngapi, kwa maana aliyewahi kujaa maji mapafuni huweza kujaa tena akipanda kwa mwendo ule ule.